Mahali pa Limi

Jumatatu, 5 Novemba 1956

Mvua ya kwanza. Bati la bweni limepiga kelele mchana kutwa, hakuna aliyemsikia mwenzake. Kwangu sawa tu.

Mkutano wa Kengele baada ya chai. Kengele ni gazeti letu la shule — karatasi moja, upande Kiswahili, upande Kiingereza. Toleo lililopita lilikuwa aibu. Kila mtu alimsahihisha mwenzake, stensili ikachanika, Sista Melania akatoka ofisini na wino hadi puani. Safari hii Generosa kaja na mpango. Generosa ndiye mhariri. Kwao Bukoba, baba yake karani mgodini Geita, na hata akiomba chumvi utadhani anahutubia.

Mpango wenyewe: kila mtu na kazi yake, asiguse ya mwenzake. Generosa aandike habari. Mimi nizisome kwa sauti. Mwanaima, mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote, achore stensili kwa kalamu ya chuma huku akinisikiliza. Limi azungushe mashine. Ana mikono ya kulima, anasema mwenyewe.

Nilitaka kusema mimi si mtu wa kusoma kwa sauti. Sikusema. Limi akanisemea: "Paska anaogopa." Wakacheka. Akaongeza, "Ndiyo maana apewe! Huyu akifa ataliomba jeneza radhi kwa kulichafua."

Nikapewa.

Jumatano, 7 Novemba

Mazoezi. Mimi nasoma, Mwanaima anaandika kwenye karatasi ya kawaida. Mwanaima ni wa Kahama, anakaa Ngokolo, hapa mjini, kwa mjomba wake mwenye lori. Kiswahili ndiyo lugha ya kwao tangu kwa bibi yake, na hasahau kutukumbusha.

Nikasoma "lafiki". Akaweka kalamu chini. "Lafiki ndiye nani?" Nikarudia. Ikatoka vilevile. Ulimi wangu wa Kisukuma hauna r. Nikiiona kwenye karatasi naijua, ikifika mdomoni inalala.

Generosa akasema muda hakuna. Wakakubaliana — mbele yangu, kama vile sipo — kwamba nisome nisomavyo, Mwanaima arekebishe mwenyewe. "Ukisema balua nitaandika barua. Usijali, dada, masikio yangu yana chujio." Generosa akaliingiza hilo kwenye mpango na kulipigia mstari.

Limi amesugua masufuria leo. Aliungua na uji, akapiga ukelele "Mayo!" mbele ya mwalimu wa zamu. Kisukuma hakiruhusiwi ndani ya uzio. Anauliza: mtu akiungua amwite mama wa nani?

Tukiwa kisimani kanieleza habari ya Maganga. Ni mchimba dhahabu wa Geita, ana santuri na jino la kung'aa, na anataka kumwoa. Baba yake Limi amewajibu watu wa Maganga wangoje kwanza shule iseme. Akifaulu, atasoma. Asipofaulu, walete ng'ombe. Limi aliyasema hayo akicheka. Ndoo yake ilikuwa inamwagika, hakuona.

Ijumaa, 9 Novemba

Sijui niandikeje.

Tulijifungia chumba cha ramani, mimi na Mwanaima. Limi alitumwa kuwapeleka watoto wa darasa la tano zahanati, makusudi asiwepo. Generosa alinipa karatasi ya habari akanong'ona kwamba ya mwisho ni siri hadi Jumapili. Sista anataka gazeti ndilo litangaze.

Nikasoma. Habari ya bustani. Habari ya netiboli. Halafu: "Limi Bujiku amepata mahali Tabora. Tunampongeza yeye na wazazi wake."

Shule ya sekondari. Darasa zima la nane, jina moja. Niligeuza karatasi nitazame nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

Ndivyo nilivyojua kwamba mimi sikuchaguliwa. Kwa mdomo wangu mwenyewe, huku mtu akinakili.

Sauti haikutetemeka. Nilingoja niumie — hakuna. Ni kama mguu ulioukalia. Unaugusa, unaona ni wa mtu mwingine.

Mwanaima alisimamisha kalamu. "Limi? Alaa! Kumbe!" Akacheka kwa furaha. "Mjanja huyu! Na wazazi wanajua?" Nikasema watajua, watafurahi. "Wasifurahi kwa nini!" Akaandika. Alipomaliza akaniuliza kama nataka kuitazama stensili. Nikasema hapana, si kazi yangu.

Mpango ulisema hivyo kweli. Lakini sababu haikuwa mpango. Sikutaka kuuona tena ule mstari.

Jumamosi, 10 Novemba

Tumepiga chapa. Limi alipewa mapazia ya kanisa afue, Generosa kazungusha mashine mwenyewe. Hakuna kilichochanika! Tulimaliza kabla ya chakula. Sista Melania kainua karatasi mbichi juu kama nguo ya kuanika, akasema sasa tumejua kupanga kazi na kushirikiana, na kwamba hilo litatufaa kuliko hesabu. Generosa alifumba macho kwa raha.

Nkwabi, binamu yake Limi anayefanya kazi jineri, kwenye kiwanda cha pamba, alipita akachukua nakala chache. Anakwenda kwao, na Jumatatu mnadani Mhunze. Hupenda kuwasomea watu.

Nimekula vizuri. Sijui chakula kilikuwa nini.

Jumapili, 11 Novemba

Baada ya misa magazeti yakagawiwa. Limi ndiye aliyepasua kicheko. "Nimepata mahari Tabora! Nani kanilipia — Askofu?"

Bweni zima likaangua. Nikalinyakua gazeti. Mahari. Kwa r. Nzuri, yenye mkia.

Mwanaima akanirukia: "Wewe ulisema mahali, nami najua l yako ni r!" Si zote, nikasema. Au niliwaza tu. "Halafu Mswahili gani anasema amepata mahali? Husemwa amepata nafasi! Mahali hupata mtu wa kuchimba choo! Na mnapongeza wazazi juu yake — ningefikiri nini mimi?" Generosa akasema Kiingereza ndivyo kinavyosema. "Basi ungekiacha hukohuko kwenye Kiingereza!"

Generosa anaapa aliisoma kabla ya kuzungusha. Namwamini. Jicho lake lilisoma alichokuwa ameandika yeye.

Upande wa Kiingereza hauna kosa hata moja.

Sista akamwita Limi akampa habari ya kweli. Limi alitoka ofisini akiruka, akanirukia shingoni, tukaanguka kwenye matope. "Na wewe, Paska?" Nikatikisa kichwa. Akaacha kuruka. Nilimwambia aendelee kuruka. Akaruka kidogo, kwa adabu.

Sahihisho litatoka katika toleo lijalo. Kwa mujibu wa mpango.

Jumanne, 13 Novemba

Baba yake Limi amekuja. Bujiku — mrefu, mkimya, baiskeli imejaa tope hadi kwenye usukani. Niliitwa nimpelekee maji ofisini. Nilipiga magoti, shikamoo baba. Marahaba, akaitikia bila kunitazama. Maji hakunywa. Kiti alikikataa.

Alisema amemfuata mtoto wake kabla hajasafirishwa. Asafirishwe wapi, Sista akauliza. Tabola, kwa huyo aliyetoa ng'ombe. Kisha akauliza, polepole kabisa, ni nani hapa shuleni aliyeipokea bukwi ya binti yake.

Sista hakulijua neno hilo. Mimi nilijua. Bukwi ndiyo mahari, kwa Kisukuma.

Kumbe Nkwabi alisoma gazeti mnadani jana, akalieleza kwa Kisukuma ili kila mtu apate. Na watu wa Maganga walikuwepo. Wakamwambia Bujiku: ulituambia tungoje shule, kumbe unakula huku na huku! Mmoja akamuuliza ng'ombe wake watashuka stesheni gani, aende kuwapokea. Mnada mzima ukacheka. Wauza kuku wakacheka.

Sista akapiga meza. "Si mahari, mzee! Ni mahali!"

"Ndiyo," Bujiku akasema. "Mahali. Ndivyo nilivyosomewa."

"Hapana! Ma-ha-li!"

"Ndiyo, mama. Mahali."

Walikwenda hivyo, mmoja akipandisha sauti, mwingine akikubali. Sikio lake ni kama ulimi wangu. Kwake maneno hayo mawili ni neno moja. Uso wa Sista ukawa mwekundu, akanigeukia. "Paskalina! Wewe ndiye uliyesoma. Mweleze baba."

Wote wakanitazama. Limi alikuwa mlangoni, kaletwa.

Nikafungua mdomo. "Baba," nikasema. "Si mahali. Ni mahali."

Nje mtu alikuwa anapiga deki, nikasikia ndoo inasogezwa.

"Mnaona," Bujiku akasema. "Hata huyu amekubali."

Neno nilikuwa nalo. Lilikaa hapa, juu ya ulimi. Bukwi. Baba, si bukwi. Maneno matatu! Lakini ilikuwa ofisini, mbele ya Sista, ndani ya uzio. Nikalimeza. Si masufuria niliyoyaogopa. Sijui niliogopa nini. Sikuhisi hata woga.

Kwa hiyo amemchukua. Ili watu waone hakula huku na huku, Jumamosi hii Maganga ataleta ng'ombe, na wakishaingia zizini hakuna la kusema tena.

Limi alirudi bweni kuchukua sanduku lake. Amekwisha mweleza baba yake kwa Kisukuma, pale uani, hata akalia. Mzee hasikii. Msichana hazungumzii bukwi yake mwenyewe — nani ataamini? Na karatasi haitaki tena, wala barua ya Sista. Karatasi ya kwanza ilisema, ya pili inakana, ipi ina haya? Baba yake anasema mdomo uliolitoa neno ndio ulirudishe, mbele ya walewale waliolisikia.

Halafu Limi akaniuliza. Hakukasirika, ndilo baya.

"Paska. Ulifanya makusudi? Kwa sababu wewe hukupata?"

Nilisimama nimeshika kamba ya sanduku lake. Jibu lilikuwa hapana. Ni hapana! Nimeliandika hapa. Pale halikutoka.

Alinipokonya kamba taratibu, akaenda.

Jumatano, 14 Novemba

Godoro la Limi limekunjwa. Nimekwenda chooni nikalie. Haikuja. Nikarudi darasani, tulikuwa na jiografia.

Alhamisi, 15 Novemba

Generosa na Mwanaima hawasemeshani. Wamekaa pande mbili za mashine kama wake wenza. Generosa: nani alikutuma ubadilishe? Mwanaima: si ulipiga mstari mwenyewe! Kisha wote wakanigeukia mimi, na Generosa akasema kwa upole wa kutisha kwamba wapo wasichana wanaosema nilifanya kwa wivu.

Nikawaambia mpango ulikuwa mbaya.

Ilitoka tu. Wakaduwaa. Generosa akasema, mpango? Sista aliusifu! Nikasema kila mtu alifanya kazi yake sawasawa, ndiyo maana hakuna aliyeona. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Unamaanisha nini?" Na sote tulianzia kwetu, nani aandike, nani asome. Hakuna aliyeanzia kwa yule atakayesikia.

Sikumbuki kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Mwanaima alisema, "Enhe. Sasa anzia kwake."

Nikaanza. Anayesikia ni Bujiku, na watu wa Maganga, na Nkwabi. Wanasikia Kisukuma. Basi sahihisho liwe la Kisukuma, liwe la mdomo, na kabla ng'ombe hawajaingia. Generosa akatoa karatasi, mkono hauwezi kujizuia. Lori: Mwanaima, kwa mjomba wake. Ruhusa: Generosa. Kusema —

Generosa akaacha hapo wazi, akasubiri. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu. Mwandiko mbaya, lakini linasomeka.

Ijumaa, 16 Novemba

Sista amekubali, tena atakuja mwenyewe. Generosa kamweleza, mikono nyuma, kwamba katika mpango huu Sista hana kazi ya kusema. Kazi yake ni kukaa. Nilidhani atafukuzwa. Sista akafikiri, akauliza, "Nikae wapi?"

Lakini sheria ni sheria. Mazoezi ya Kisukuma ndani ya uzio yana adhabu yake. Tumesugua masufuria jikoni — na Generosa na Mwanaima wamesugua pamoja nami, wasiojua hata neno moja la Kisukuma! Mwanaima kaharibu kucha. Anasema hii ndiyo r aliyoiandika kwa gharama kubwa kuliko zote.

Tulifanyia mazoezi hapohapo, kwenye majivu. Nasema kwa Kisukuma. Mama Ignas, mpishi wetu, Msukuma wa huko njia ya Mhunze, anasikiliza na kuwaambia wenzangu kwa Kiswahili alichosikia. Wao wanalinganisha na karatasi. Pasipolingana, tena. Mara ya kwanza Mama Ignas kasema hajasikia kitu. "Mbona unanong'ona? Bukwi hainong'onezwi, mwanangu. Unataka watu wadhani umeila?"

Nikapaza. Hadi kuku wakatoka jikoni.

Mwishoni Generosa akauliza tena, unamaanisha nini, ndilo swali letu jipya, tunaulizana hata juu ya sabuni. Nikasema namaanisha kwamba Limi ana nafasi shuleni na hakuna mtu aliyetoa ng'ombe. Akasema, "Na lile jingine?" Lipi? "Alilokuuliza Limi."

Hilo halimo kwenye karatasi. Nikaendelea kusugua.

Jumamosi, 17 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa chini nje ya ua wa minyaa, kwao Limi. Tumeambiwa tungoje.

Lori lilikwama mara mbili. Tulisukuma — hata Sista, kanzu kaikunja kiunoni, mjomba wa Mwanaima akageuza uso kwa heshima. Tumefika tumechelewa. Ng'ombe wako hapa tayari! Wamesimama nje ya zizi, wanatafuna, vijana wawili wamewazingira kwa fimbo. Hawajaingia. Lango la zizi limeondolewa miti yote isipokuwa mmoja.

Maganga yupo. Kaketi juu ya kigoda na santuri mapajani, haipigi. Hakutisha kama nilivyofikiri. Ana viatu vipya, anavifuta matope kwa jani. Watu wake wametutazama, wakamtazama Sista, wakaanza kunong'ona. Nkwabi yupo pia. Anatazama chini. Amelibeba lile gazeti, limekunjwa mfukoni mwa shati.

Sista amekaa. Kajikalia kwenye gunia kando ya ukuta, mikono mapajani, midomo kaibana. Anafanya kazi yake vizuri kuliko sisi sote. Generosa kasimama juu yangu na mwavuli ingawa mvua imekatika. Anasema maneno yangu kwa Kisukuma, chini chini, kwa lafudhi ya Kihaya, bila kuyaelewa. Ameyakariri! Nikisahau atanipa. Mwanaima yuko karibu na mlango wa nyumba, ndiye macho; zamu yangu ikifika atanipungia.

Limi nimemwona. Alipita kati ya nyumba na nyumba na chungu, kichwa kimepakwa mafuta, kavaa kaniki mpya. Aliniona. Hakusimama, ila alikwenda polepole kuliko mtu aliyebeba chungu anavyokwenda.

Nimeketi juu ya miguu tangu tufike, imekufa ganzi. Nimejaribu kuinyoosha, sasa inachoma — kama siafu, hadi mapajani. Inauma kweli. Machozi yamenitoka, ya miguu tu, yanachafua wino hapa.

Nimeamua kitu ambacho hakimo kwenye mpango, sijamwambia Generosa. Nikimaliza habari ya bukwi nitageuka na kumjibu Limi. Mbele ya wote. Kwa Kisukuma, na nisinong'one.

Vijana wameuondoa mti wa mwisho langoni. Ng'ombe wa mbele ameingiza kichwa.

Mwanaima ananipungia mkono. Bujiku katoka mlangoni, anauliza kwa sauti yuko wapi yule msichana wa "mahali", na watu wanacheka, hata Maganga anacheka. Bujiku hacheki. Amenyoosha mkono kuwazuia wale vijana na fimbo zao, na ananitazama mimi.

"Nzugu," anasema. Njoo.